Kiwanda kimefungwa, nirekodi nini?

SWALI: Shikamoo Mama. Baba yangu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo hapa Morogoro mpaka kilipofungwa. Nataka kutengeneza filamu fupi juu ya watu wa kiwanda kile, lakini mlinzi wa getini hataki hata nisimame na simu. Nisipoingia ndani, nitaonesha nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Utaonesha watu, na habari yenyewe wanayo wao. Itafute The Last Truck, filamu ya dakika 40 ya Steven Bognar na marehemu Julia Reichert. Inahusu kiwanda cha magari cha kampuni ya General Motors huko Moraine, Ohio, Marekani, kilichofungwa tarehe 23 Desemba 2008, Krismasi ikiwa keshokutwa. Kampuni iliwanyima ruhusa ya kurekodi ndani, basi wafanyakazi wenyewe wakaingiza kamera ndogo kwa siri. Wewe usimbembeleze mlinzi; naye ana kibarua chake cha kulinda.

Anza na baba. Usimwulize anajisikiaje, mwombe akuelekeze alivyokuwa akijua mashine ni mbovu kwa kuisikiliza tu. Mikono yake irekodi kwa karibu. Halafu mtafute mama lishe aliyekuwa akiuza chai zamu zikibadilishana, na mwenye duka aliyekopesha hadi mwisho wa mwezi. Kama daftari la madeni bado lipo, mwombe alifungue. Hapo mtazamaji ataona mshahara mmoja ulikuwa ukilisha nyumba ngapi.

Tena usiishie kwenye kufuli. Mwaka 2014 kampuni ya Kichina ya Fuyao ilinunua jengo lile la Moraine ikatengeneza vioo vya magari. Bognar na Reichert wakarudi, wakatoa American Factory mwaka 2019, iliyoshinda Oscar. Humo yumo mama aliyekuwa akilipwa zaidi ya dola 29 kwa saa enzi za General Motors. Kwa Fuyao hazifiki 13. Mimi sehemu hiyo iliniuma kuliko kufungwa kwenyewe, maana nje ungedhani mambo yamenyooka. Kwa hiyo kama kiwanda chenu sasa ni ghala, ulizia nani anapakua mizigo mle, na kwa siku anapewa shilingi ngapi.

Na barua ya kuachishwa kazi, ikiwa baba ameitunza, ipige picha ukurasa mzima, tarehe na hesabu ya mafao vionekane.