Kazi ya lori kwenye mafuta ya Hoima na Buliisa: karatasi kwanza, usukani baadaye

Usipoteze nauli kwenda Buliisa, magharibi mwa Uganda, kuuliza kazi getini. Askari wa getini hana kazi ya kugawa, na kampuni za mafuta zenye miradi, TotalEnergies kule Tilenga na CNOOC kule Kingfisher, kwa kawaida hawamwajiri dereva wa lori moja kwa moja. Kanuni za mwaka 2016 zilitenga aina 16 za bidhaa na huduma kwa kampuni za Uganda, na uchukuzi umo. Kwa hiyo bosi wako atakuwa mwenye malori, mara nyingi mkandarasi wa mkandarasi, mwenye yadi na mkataba wa kubeba kitu fulani: mabomba, dizeli, maji, kontena, taka za uchimbaji. Huyo ndiye wa kutafutwa.

Kumpata si siri. Mamlaka ya Petroli ya Uganda, PAU, hutoa orodha ya kampuni zilizokubaliwa kuhudumia sekta hii, inayojulikana kama NSD. Chagua walioandikwa kwa uchukuzi, kreni, mafuta na taka, kisha wafuate ofisini kwao. Mamlaka hiyohiyo ina rejista ya watafuta kazi, NOGTR. Kujiandikisha ni bure, na anayekudai pesa ili akuingize humo anakuuzia hewa. Shida ni kwamba madereva wengi wakiijaza huandika neno moja, dereva, wakaishia hapo. Mtu wa ajira anayepekua majina hawezi kukuona. Andika daraja la pamiti (leseni ya udereva), aina ya kichwa cha lori (HOWO na Actros haziendeshwi sawa), trela ya ekseli ngapi, umebeba nini, tani ngapi, njia gani, miaka mingapi. Mstari kama "trela ya ekseli 3, kontena, Mombasa hadi Kampala, miaka 6" una uzito kuliko ukurasa mzima wa kujisifu.

Sasa karatasi, maana ndizo zinazoangusha watu wengi kabla hawajashika usukani. Pamiti ya CH ni ya lori zito, lakini haikuruhusu kuvuta trela. Hiyo inataka CE. Wapo waliovuta trela miaka kumi wakiwa na daraja la chini, barabarani wakapita, ila hapa hawapiti. Jaribio la kupanda daraja hufanywa mbele ya mkaguzi wa magari wa polisi, kwa hiyo anza mapema, usingoje tangazo litoke. Halafu linganisha jina la kwenye pamiti na la kwenye kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi. Mukasa mmoja na Mukassa mwingine ni watu wawili machoni pa kompyuta. Tafuta cheti cha tabia njema cha Interpol, na barua ya mwenyekiti wa kijiji (LC1) ikiwa wewe ni mwenyeji wa wilaya za mradi, kwa sababu wenyeji huangaliwa kwanza kwa baadhi ya nafasi. Barua za waajiri wa zamani ziwe na namba ya simu inayopokelewa. Barua nzuri yenye simu iliyozimwa haikusaidii.

Vyeti vya mafunzo vina mtego wake. Kozi ya udereva wa kujihami ina faida, na shirika la Safe Way Right Way limekuwa likifundisha madereva wa malori na mabasi hapa Uganda. Hiyo ifanye ukiweza. Lakini usiuze mbuzi ili ulipie kozi ya gesi yenye sumu ya H2S, kuzima moto na nyingine tano kabla hujapata mwajiri. Mkandarasi huwa na kituo anachokikubali mwenyewe, na cha kwako kinaweza kukataliwa. Vipimo vya afya vilevile: mwajiri ndiye hukupeleka kliniki yake. Wewe pima macho na presha mapema, kimyakimya, kwa sababu presha ya juu inaweza kutibiwa ikashuka ukipewa mwezi, lakini si asubuhi ya kipimo. Pombe na dawa za kulevya hupimwa wakati wa kuajiri, na baadaye kwa kushtukizwa. Mirungi ya safari ndefu za Malaba iache huko.

Jaribio la barabarani linaanza kabla injini haijawaka. Mpimaji anaangalia unavyopanda kabini: uso kuelekea gari, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, vikiwa vimeshika kila wakati. Anaangalia kama umezunguka gari, ukagusa nati za magurudumu, ukatoa maji kwenye matangi ya upepo, ukasikiliza upepo unaovuja. Kisha atakwambia uunganishe trela. Hapo ndipo mkongwe anapoanguka kwa sababu ya mazoea. Angalia kwanza kimo cha trela: ikiwa juu mno, kingpini (pini iliyo chini ya trela) hupita juu ya taya za sahani ya kichwa bila kuingia, na utadhani imeshika. Rudi polepole mpaka usikie kufuli likigonga. Vuta mbele taratibu trela ikiwa bado imefungwa breki. Halafu shuka na tochi, inama, utazame kwa macho yako kama taya zimeizunguka shingo ya kingpini na mpini umerudi mahali pake. Mlio peke yake si ushahidi. Ndipo uunganishe mipira ya upepo na waya za taa, na miguu ya trela uipandishe mwisho. Ukirudi nyuma pasipo mtu wa kukuelekeza, hata kwa mita tano, jaribio linaweza kuishia hapo.

Wengine huulizwa hesabu ya mzani, nayo si ngumu. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 ekseli ya usukani, 18 ekseli mbili za tairi pacha, 24 ekseli tatu. Kichwa cha ekseli 3 na trela ya ekseli 3 ni 8 na 18 na 24, jumla tani 50. Kama gari tupu lina tani 18, mzigo usizidi 32. Upeo wa gari lolote ni tani 56. Uzito wa ekseli una nafuu ya asilimia 5, jumla haina nafuu. Ekseli hupimwa kivyake, ndiyo maana mzigo uliosogezwa nyuma mno hukamatwa hata jumla ikiwa sawa.

Mteremko ndio mtihani wenyewe. Kutoka Biso kwenda Butiaba unashuka ukuta wa Bonde la Ufa, na barabara ya kushukia Buhuka kwa Kingfisher ni hivyohivyo. Gia ya kushukia huchaguliwa juu, kabla ya mteremko kuanza. Ukichelewa, gia inakataa kuingia na umebaki huru na tani zote hizo mgongoni. Breki ya injini ifanye kazi kubwa. Breki ya mguu kanyaga imara mpaka kasi ishuke chini kidogo ya uliyoichagua, achia kabisa, ikipanda kanyaga tena. Ukiegemeza mguu juu yake muda wote, lainingi zinaungua, dramu inatanuka na kuzikimbia, na gari halisikii tena. Bauza la maji lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa: maji yanakimbilia mbele ukifunga breki na pembeni ukikata kona. Lita 10,000 ni tani 10 zinazotembea.

Ukishaajiriwa, kifaa ndani ya kabini kinaandika kasi, breki za ghafla, kona kali na mkanda. Ndani ya hifadhi ya Murchison, ambako sehemu ya Tilenga ipo, mwisho ni kilomita 40 kwa saa. Usiku kwa kawaida gari halitembei, na kampuni nyingi hutaka upumzike dakika 15 kila baada ya saa 2. Dereva aliyezoea kusukuma gari afike mapema huona huku ni kupoteza muda. Huku anayefika mapema ndiye anayeitwa ofisini.

Jambo jingine: mafuta ghafi yamepangiwa bomba la EACOP, kilomita 1,443 hadi Chongoleani karibu na Tanga, si malori. Kazi ya tipa hupungua ujenzi ukiisha. Ila Tilenga imepangiwa visima zaidi ya 400, na mtambo wa kuchimba unahamishwa kwa lobedi (trela ya chini ya kubebea mitambo) na kreni, taka zinabebwa, dizeli inahitajika. Mwenye CE na ujuzi wa lobedi au kreni ya lori ana nafasi zaidi.

Kwenye mkataba, tazama tarehe ya mwisho, posho ya kulala nje na nani analipa faini ya mzani. Akiba ya uzeeni, NSSF, ni asilimia 5 kutoka kwako na 10 kutoka kwa mwajiri. Mwezi wa kwanza ukilipwa, fungua akaunti yako ya NSSF kwenye simu uone kama imeingia. Ikiwa umekatwa na hakuna kilichofika, uliza kabla mwezi wa pili haujaisha.