Mume wangu ni mzee wa kanisa, lakini binti wa kazi hajalipwa

Mpendwa Mama wa Iringa,

Barua yako nimeisoma kwa uchungu. Unaeleza kwamba mume wako ni mzee wa kanisa katika usharika wenu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na ndiye anayeongoza ibada za jumuiya hapo nyumbani, ilhali binti wa miaka 19 anayewapikia, kuwafulia na kuwalelea watoto hajapata mshahara kwa miezi mitano. Kila akiuliza huambiwa kwamba fedha zake anatunziwa. Majuzi mume wako alitoa shilingi 500,000 katika harambee ya kuezeka kanisa, akapigiwa makofi, na jioni hiyohiyo binti akakujia jikoni kukuomba fedha ya taulo za kike. Unauliza kama umweleze mchungaji, au unyamaze usije ukamwaibisha mumeo.

Nianze na binti, kwa kuwa ndiye anayeumia. Mshahara wa kazi iliyokwisha kufanyika ni mali yake, na uamuzi wa kuutunza au kuutumia ni wake pia. Mtu ambaye hakuulizwa kama anataka kutunziwa, wala hajui fedha zake ziko wapi, amedhulumiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu hata mfanyakazi wa nyumbani, na madai yake yanaweza kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Lakini ni vigumu kwa binti kumshtaki mtu anayemlisha na kumpa pa kulala, na kwa sababu hiyo usalama wake, kwa sehemu kubwa, umebaki mikononi mwa dhamiri yenu.

Mume wako anayafahamu Maandiko. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inaagiza kibarua maskini alipwe siku ileile kabla jua halijatua, naye Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Nionavyo mimi, sadaka ina mashahidi, mshahara wa binti hauna. Kanisani ahadi huandikwa na jina hutajwa. Jikoni kwenu hakuna aliyeandika chochote. Na lawama hii si ya mumeo peke yake, maana katika sharika zetu nyingi binti akipata mimba nje ya ndoa hutengwa mara moja, lakini ni nadra sana kusikia mzee wa kanisa akiulizwa kama amewalipa watu wanaomfanyia kazi.

Kuhusu mchungaji, fuata utaratibu wa Mathayo 18: kwanza wewe na mumeo faraghani, kisha mtu mmoja au wawili mnaowaheshimu, na kanisa baadaye. Chagua saa ambayo hana haraka, watoto wamelala, umwekee mezani karatasi yenye miezi yote mitano na kiasi cha kila mwezi. Usimwite mnafiki, kwa sababu mtu akiitwa hivyo huanza kujitetea, na hesabu ya binti itasahaulika. Mwombe tarehe ya kulipa. Ikipita bila malipo, mwendee mchungaji bila kujilaumu, kwa kuwa aibu haitakuwa imeletwa na wewe.

Nawe pia, mama, umo katika deni hili, kwani chakula anachopika binti huyo unakila. Kama una kipato chochote, mlipe angalau mwezi mmoja wiki hii, kabla ya mazungumzo hayo, umkabidhi mkononi au kwenye simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake, na taulo za kike ununue wewe bila kumkata. Mwonyeshe ile karatasi na umwachie nakala, ajue anachodai.