Canon 7 isiyotakiwa na watu, ninunue?

Swali: Shikamoo fundi. Kuna mzee hapa Tanga anauza Canon 7, ile kamera ya zamani ya filamu, na lenzi yake ya 50mm f/1.2. Mita ya mwanga haichezi kabisa, pazia la shata limekunjamana. Washkaji wanasema hata wanaopiga picha kwa filamu wenyewe hawaitaki, nijichange ninunue Leica. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Kwamba haitakiwi ni kweli, ila sababu zenyewe ndo za kuangalia. Ilitoka 1961, miaka miwili baada ya Nikon F kuwavuta watu kwenye kamera za kioo (SLR, unachungulia kupitia lenzi yenyewe), na Leica M3 ilishahamia lenzi za bayoneti (unachomeka na kuzungusha kidogo) tangu 1954, halafu hii inakuja na lenzi za kukaza kwa skrubu ileile ya kizamani, limwili likubwa, dirisha la mita limejaa usoni, nani aiangalie? Juu haina hata pa kuchomekea flashi, hilo linaniudhi mpaka leo, wakaja kupaweka kwenye 7s, toleo lililofuata.

Sasa utamu wake uko kwenye lenzi. Skrubu hiyohiyo inakupa 35mm f/1.5, 85mm f/1.5, na hiyo yako. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa: f/1.2 inapitisha mwanga karibu mara tatu ya f/2, yaani picha ya barazani usiku, taa moja, uliyokuwa unaipiga kwa 1/15 ya sekunde huku unabana pumzi, unaipiga kwa 1/30 na chenji inabaki. Ila ukimpiga mtu umbali wa mita moja tundu likiwa wazi lote, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 3 tu, jicho liko safi sikio limeshayeyuka, kwa hiyo fokasi ya kubahatisha hapo hamna. Ndo maana naipenda hii kamera: yale madirisha mawili ya kupimia umbali yako mbalimbali, kama milimita 59, zile taswira mbili zikikaana unajua zimekaana. Na fremu za lenzi za 35, 50, 85/100 na 135, ile mistari ya kwenye kichungulio inayokuonyesha picha inaishia wapi, unazichagua mwenyewe kwa kuzungusha tu.

Kuna pia ile 50mm f/0.95 waliyoitengenezea kamera hii, ila bei yake ni wazimu na inafungwa kwenye bayoneti ya nje ya skrubu, ukiacha 7s haiingii kamera nyingine mpaka ichongwe. Achana nayo.

Mita isikuumize kichwa, ni ya seleniamu, haitumii betri na zikizeeka hufa tu, tumia app ya simu. Pazia nalo ni la chuma cha pua, kuna mtu alilibonyeza na kidole, nyingi ziko hivyo. Fungua mgongo bila filamu, elekeza kwenye taa, piga spidi zote: kama mwanga unatoka sawasawa na pazia halikwami, liache kama lilivyo. Mapazia ya kitambaa jua likipita kwenye lenzi hutoboka kabisa, hili afadhali.

Kazi yako kubwa ni lenzi, hasa huku pwani kwenye unyevu. Mulika tochi ya simu kutokea nyuma, utafute nyuzinyuzi za fangasi na ukungu mweupe karibu na visu vya tundu. Fangasi changa natoa, ila ukungu uliokaa sana unakula kioo na hapo hata mimi nanyoosha mikono. Ukiuona, mlipe mzee hela ya bodi tu.