Ngoma za jadi kwa wasiojua kucheza: angalia kwanza mtu akikosea inakuwaje

Swali naloulizwa sana ni hili, tunaandaa jioni ya kucheza ngoma za jadi na nusu ya watakaokuja hawajawahi kucheza kabisa, tuweke zipi? Mi huwa naangalia kitu kimoja kabla ya vingine vyote: mtu akikosea inakuwaje. Kama mmoja akipotea anawavuruga wote alio nao kwenye kundi, hiyo iache hata kama unaipenda vipi. Kama akipotea anavutwa tu na mikono ya jirani zake mpaka anaingia tena kwenye mdundo, hiyo ndo ya kuanza nayo.

Kwa hiyo mwanzo ni duara au mstari wa kushikana. Mfano An Dro, ya Brittany kule Ufaransa: mnashikana vidole vidogo, hatua tatu kuelekea kushoto, halafu tatu za palepale, mnarudia hivohivo mpaka muziki uishe. Mikono nayo ina mzunguko wake ila siifundishi mwanzoni, manake ukimpa mgeni mikono na miguu kwa pamoja anaganda, anabaki anaangalia viatu vyake. Naacha kwanza wazunguke, nikiona washaanza kuongea na kucheka huku wanacheza najua miguu imeshika, ndo naongeza mikono. Na hapo hakuna haja ya patna, jambo ambalo waandaaji wengi hawalifikirii kabisa, mtu kaja peke yake, ngoma ya kwanza tu anasikia "haya kila mtu na mwenzake", anaenda kukaa, na kumwinua tena hapo ni kazi kweli.

Patna waje baadaye kidogo. Hapo mi nachagua Circassian Circle, ngoma ya Uingereza ya duara moja kubwa la jozi jozi. Wote mnaingia katikati na kurudi, mara mbili, halafu wa kulia wa kila jozi wanaingia na kurudi, wa kushoto wanaingia na kugeuka, kisha unamzungusha mwenzako, mnamaliza kwa kutembea pamoja kufuata duara. Vipande vinne, kila kimoja mapigo 16, jumla 64, na muziki wake nao unageuka palepale kwenye 64, yaani hata asiyehesabu sikio linamwambia sasa tunaanza upya. Zamani ilikuwa ni wanawake na wanaume, mi nasema wa kulia na wa kushoto tu, yeyote acheze na yeyote. Kuna namna ya kuicheza mnabadilishana patna kila raundi, naipenda sana kwa sababu mgeni anapita mikononi mwa wazoefu bila kuambiwa anafundishwa, ila kama kuna watoto wadogo waache wabaki na wazazi wao.

Virginia Reel, ile ya Marekani ya mistari miwili inayotazamana, watu wanasema rahisi, mi sikubali. Ile sehemu ya jozi ya mwanzo wa mstari kushuka mstari mzima, mkono wa kulia kwa mwenzako, wa kushoto kwa anayefuata, inawachanganya sana wapya, na wengine wote wamesimama wanasubiri. Ukiitaka, toa hicho kipande na mistari iwe mifupi, jozi nne tano zinatosha.

Hatua za kupishanisha mguu mbele na nyuma ziweke baadaye kwenye ratiba, watu washapata moto. Na maelezo yakizidi dakika tatu nne kabla muziki haujaanza badilisha ngoma, watu wanapoa.

La mwisho spidi. Muziki mwingi wa ngoma hizi unaenda kama mapigo 110 mpaka 120 kwa dakika, kwa wapya ni mbio. Wapigaji wa laivu waombe washuke hadi 100 raundi za mwanzo, na kama ni rekodi programu nyingi za muziki zinapunguza spidi bila kuharibu sauti, ijaribu nyumbani kabla, sio watu washajipanga ndo unatafuta kitufe.