Namna ya kumzoeza mwanafunzi wa kidato cha kwanza kupanga sentensi za Kiingereza

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba binti yako alimaliza darasa la saba katika shule ya serikali na sasa yuko kidato cha kwanza. Mazoezi ya Kiingereza ya kujaza nafasi zilizo wazi anayapata vizuri, lakini akipewa insha ya aya mbili anaandika sentensi ambazo hata mwalimu wake hajui nani kafanya nini. Umeongeza kwamba umempakulia kutoka tovuti za Marekani mazoezi ya vifafanuzi, yaani maneno na virai vinavyoeleza zaidi habari za neno jingine katika sentensi, na kwamba bado hajapata mwanga. Nimefundisha Kiingereza kidato cha kwanza na cha pili kwa miaka mingi mkoani Morogoro, na hilo ndilo tatizo ninalolipokea kila Januari, kwa hiyo niwie radhi nikijibu kwa kirefu.

Binti yako hana upungufu wa akili wala wa bidii. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili ana sarufi iliyokamilika kichwani mwake, na anapoandika Kiingereza huitumia sarufi hiyo hiyo, kwa kuwa hajaambiwa kwamba lugha hizi mbili zinatofautiana katika jambo moja kubwa. Kiswahili huunganisha kifafanuzi na kinachofafanuliwa kwa viambishi vya upatanisho, lakini Kiingereza, kwa sehemu kubwa, huviunganisha kwa kuviweka jirani. Nikiangalia makosa ya mpangilio ninayoyasahihisha kwa mwaka mzima, mengi yanatokana na hapo, na mwanafunzi akishaielewa tofauti hiyo, mazoezi yanayofuata huwa na maana kwake.

Chukua sentensi hii: "Tulimwona nyoka tukienda shuleni." Hakuna Mswahili atakayedhani kwamba nyoka ndiye aliyekuwa akienda shuleni, kwa sababu kiambishi "tu-" katika "tukienda" kimekwisha kumtaja mwenye safari, na kama mwenye safari angekuwa nyoka tungesema "akienda". Sasa mwanafunzi anaandika "We saw a snake going to school." Neno "going" halibebi kiambishi chochote cha nafsi, kwa hiyo msomaji wa Kiingereza hutafuta nomino iliyo karibu nalo, naye anamkuta nyoka. Mwanafunzi hakukosea hata neno moja. Tahajia ni sahihi, wakati ni sahihi, na ndiyo maana mazoezi ya kujaza nafasi hayawezi kulifichua kosa hili. Tiba yake ni ama kukisogeza kirai mbele, "Going to school, we saw a snake," ama, na hili ndilo ninalopendelea kwa kidato cha kwanza, kumtaja mtendaji kwa kiwakilishi chake: "While we were going to school, we saw a snake."

Hali ni hiyo hiyo kwa virejeshi. Tukisema "mlango wa darasa uliovunjika", tunajua kilichovunjika ni mlango, na tukisema "mlango wa darasa lililovunjika", tunajua ni darasa. Ngeli imeimaliza kazi. Mtoto akiandika "the door of the classroom that was broken", msomaji anabaki na mashaka, maana "that" haina ngeli. Inabidi aandike "the broken door of the classroom" au "the door of the broken classroom", kutegemea anataka kusema nini. Katika eneo hili pia ndipo linapotokea kosa la "the book which I bought it", ambalo chanzo chake ni kwamba sisi tunaweza kusema "kitabu nilichokinunua", tukakitaja kitabu mara ya pili ndani ya kitenzi bila ubaya wowote.

Kuna aina moja ya kosa ambayo Kiswahili hakitoi onyo, nayo inahitaji uangalifu wa pekee. Wengi wetu husema "baada ya kula, kengele ililia," na hatuoni tatizo, kwa kuwa "kula" hakuna nafsi na msikilizaji hujaza mwenyewe. Katika Kiingereza cha maandishi, "After eating, the bell rang" huchukuliwa kuwa kosa, kwa sababu kirai kisicho na mtendaji humdai mtendaji wake katika kiima cha kishazi kikuu, na kiima hapo ni kengele. Mfundishe binti yako swali moja tu la kujiuliza kila anapoanza sentensi kwa kirai cha namna hiyo: nani anafanya hilo? Jibu lake lazima liwe neno la kwanza baada ya mkato au liwe ndani ya kirai chenyewe, kama katika "After we had eaten, the bell rang."

Mazoezi yenyewe mimi huyaanza na vipande vya karatasi, kabla ya daftari. Darasani hutumia karatasi za manila, lakini kwa mtoto mmoja mezani nyumbani jalada la daftari lililokwisha linatosha. Andika vipande vinne: "Asha", "gave", "her brother", "two oranges". Kipande cha tano kiandike "only". Mwambie apange sentensi kwa vile vinne, kisha akichukue kile cha tano na kukiweka mahali tofauti, na kila akikiweka aseme kwa Kiswahili maana imekuwaje. "Only Asha gave her brother two oranges" maana yake Asha peke yake ndiye aliyempa. "Asha gave only her brother two oranges" maana yake wengine hawakupewa. "Asha gave her brother only two oranges" maana yake machungwa hayakuzidi mawili. Ataona kwa macho yake kwamba hakuna neno lililobadilika umbo, na bado habari imebadilika mara tatu. Darasani wanafunzi husimama mbele wakiwa wameshika vipande hivyo, na mwenye "only" hutembea kutoka nafasi hii kwenda ile huku wenzake wakitaja maana. Nimewaona watoto waliokuwa kimya muhula mzima wakibishana kwa hoja kuhusu mahali pa neno moja, na ubishi huo una faida kuliko kurasa nyingi za kuzungushia vivumishi duara. Akishazoea, mwambie pia kwamba katika mazungumzo watu husema "Asha only gave" wakimaanisha lolote kati ya hayo mawili ya mwisho, kwa kutegemea mkazo wa sauti, lakini karatasi haina sauti, kwa hiyo katika maandishi neno likae karibu na linachokihusu.

Utaona nimesema aeleze maana kwa Kiswahili. Najua shule nyingi hukataza Kiswahili kabisa katika kipindi cha Kiingereza, na ninaelewa nia yao, kwa kuwa masomo karibu yote ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza na mtoto anahitaji kuizoea lugha hiyo haraka. Hata hivyo, kwa zoezi la aina hii naamini kwa dhati kwamba kukataza Kiswahili ni kumnyang'anya mtoto kipimo pekee alicho nacho cha maana. Hawezi kujua kwamba sentensi imepotoka ikiwa haruhusiwi kusema, kwa lugha anayoimiliki, alichokusudia kukieleza.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo nzito zaidi, ni kuunganisha sentensi. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Steve Graham na Dolores Perin, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu ufundishaji wa uandishi kwa wanafunzi wa darasa la nne hadi la kumi na mbili. Wakaona kwamba kuwafundisha wanafunzi kuunganisha sentensi fupi kuwa sentensi zilizojengeka vizuri kuliboresha uandishi wao, ilhali kufundisha sarufi peke yake, kwa kutaja aina za maneno na kanuni, hakukuwasaidia kuandika vizuri zaidi. Mazingira ya huko si ya kwetu, lakini ninachokiona darasani kinakubaliana nao.

Nitaonyesha kwa aya inayofanana na nyingi ninazozisahihisha: "My village it is near a river. The river has many fish, my uncle he catch the fish, he sell them in the market. Because the road is bad. Some fish are spoil." Usianze kwa kalamu nyekundu. Mwambie asome kwa sauti na asimame kila penye nukta, kisha katika kila kipande apigie mstari kiima na kitenzi. Atakuta "my village it" na "my uncle he", yaani viima viwili kwa kitenzi kimoja. Hapo mweleze kwamba "it" na "he" vimetoka katika viambishi vyetu, "kijiji changu kiko" na "mjomba anavua", na kwamba katika Kiingereza kiwakilishi huja pale tu nomino isipokuwepo. Kisha muulize kuhusu "Because the road is bad." Kina kiima, kina kitenzi, lakini je, ukiingia chumbani ukasema hivyo tu, aliyeko humo ataridhika? Hataridhika, atasubiri mengine. Hicho ni kishazi tegemezi kilichoachwa pweke, na kazi yake ni kutafutiwa kishazi huru cha kukibeba.

Baada ya hapo aunganishe mwenyewe, na usimpe jibu moja. Anaweza kuandika: "My village is near a river that has many fish. My uncle catches them and sells them in the market, but because the road is bad, some of the fish spoil on the way." Anaweza pia kuanza na mjomba, au na barabara. Mwulize ni upi kati ya mipangilio hiyo unaoipa barabara mbovu uzito, na upi unaompa mjomba uzito. Hapo ndipo muundo wa sentensi unapoacha kuwa adhabu na kuwa chombo cha kusema jambo.

Tahadhari mbili katika kuunganisha. Mtoto akigundua "and", atashona ukurasa mzima kwa "and" moja baada ya nyingine, kwa hiyo kwa majuma ya mwanzo mpe viunganishi vichache unavyovichagua wewe, kama "because", "although", "when" na "who". Na akifika kwenye "although", mwangalie, maana sisi huzoea kusema "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja," naye ataandika "Although he was sick, but he came." Kiingereza hutaka kimoja kati ya hivyo viwili.

Kuhusu mfuatano wa vivumishi kabla ya nomino, kama "two big old wooden boxes", usihangaike nao sana sasa. Idadi hutangulia, kisha ukubwa, umri, rangi, na mwisho kile kilichotumika kutengenezea, kama mbao. Mengine atayapata kwa kusoma.

Yale mazoezi ya Marekani uliyopakua si mabaya, ila yametungwa kwa ajili ya mtoto mwingine. Viwango vya elimu vilivyotolewa huko mwaka 2010 na kupokelewa na majimbo mengi vinaweka usahihishaji wa vifafanuzi vilivyokaa mahali pasipo pake katika darasa la saba, lakini anayekusudiwa kwa kawaida ni mtoto aliyesikia Kiingereza tangu utotoni, ambaye sikio lake humwambia kwamba sentensi fulani imekaa vibaya. Binti yako hana sikio hilo bado, na zoezi linalomwambia achague sentensi "inayosikika sawa" linampima kitu ambacho hakuna aliyemfundisha. Chagua yale tu yanayomtaka aandike upya sentensi nzima, yaache ya kuchagua herufi, na pale inapotajwa theluji au vyakula asivyovijua, badilisheni maneno kwanza ili akili yake ishughulike na mpangilio.

Katika kusahihisha, shughulikia aina moja ya kosa kwa wakati mmoja. Juma hili viima viwili, juma lijalo vishazi vilivyoachwa peke yake, na makosa mengine yaache yapite hata kama yanakuumiza macho, kwa sababu daftari lililojaa wekundu humfundisha mtoto kuandika kidogo ili akosee kidogo. Upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili hufanyika karibu na mwisho wa mwaka wa pili, kwa hiyo mna muda wa kwenda hatua kwa hatua. Aandike aya moja fupi kila jioni kuhusu jambo alilolishuhudia siku hiyo, kisha achague sentensi mbili kati ya hizo na kuzipanga upya.

Ukiona inafaa, weka hapa aya mojawapo aliyoiandika, bila jina lake wala la shule, pamoja na maelezo yake ya Kiswahili kuhusu alichokusudia kusema. Nitaipitia sentensi kwa sentensi nikuonyeshe pa kuanzia.