Noti ya jeshi iliyokosa herufi ya mwisho

SWALI: Nimenunua noti ya dola 1 ya jeshi la Marekani, ile pesa waliyolipwa askari badala ya dola za kawaida, toleo la 641, lililotumika Vietnam. Noti nyingine za toleo hili nilizoziona zina herufi J mwanzoni na mwishoni mwa namba. Yangu haina ya mwisho. Tena nikiipapasa ni laini, haina mparuzo wa dola ya kawaida. Nimeuziwa feki?

JIBU: Ulaini usikutie wasiwasi. Noti hizi zilichapwa kwa mtindo wa bapa, wino haukuinuka juu ya karatasi, hivyo kipimo cha kidole tulichokizoea kwenye dola hapa hakifai. Angalia karatasi yenyewe kwa lenzi: utaona vidoa vidogo vya rangi vilivyotiwa humo tangu kutengenezwa kwake. Vidoa vikiwa vimechapwa juu tu, hapo ndipo uanze kushtuka.

Sasa hiyo herufi. Karatasi ikiharibika kiwandani, noti zake ziliondolewa na kuwekwa mbadala, na mbadala zilitambulishwa kwa kukosa herufi ya mwisho. Ni chache, na wakusanyaji huzilipia mara nyingi zaidi ya noti ya kawaida. Kwa hiyo huenda una bahati kubwa. Huenda pia kuna mtu aliyeikwangua J kwa wembe, maana ndiyo njia rahisi ya kuipandisha bei noti ya kawaida.

Zima taa ya juu, washa tochi na uilaze karibu usawa wa meza, mwanga upite juu ya noti kwa ubavu. Tazama pale herufi ilipopaswa kuwa. Palipokwanguliwa pamefifia na nyuzi za karatasi zimesimama kama manyoya. Kisha iinue dirishani: pakipitisha mwanga kuliko pembeni yake, pamepunguzwa unene. Soma na namba yenyewe. Mbadala zilikuwa na hesabu yake, na kwa uchache wake namba huwa ndogo, zimejaa sifuri mwanzoni. Namba ya mamilioni bila herufi ya mwisho, mimi singeinunua.

Umri wa toleo hauoneshi thamani. La 641 lilianza Agosti 1965, likafutwa tarehe 21 Oktoba 1968 kwa mtindo uleule wa jeshi: kambi zinafungwa ghafla, askari wanabadilishiwa noti siku hiyohiyo, na walanguzi wa mtaani wanabaki na makaratasi. Ndiyo maana hata benki haitakupa kitu. Dola 1 ya kawaida ya toleo hili wala si adimu. Bei yote ya hiyo yako iko kwenye herufi isiyokuwepo.

Usiipige pasi wala kuifuta kwa raba, na usiitie kwenye mifuko ya plastiki laini yenye harufu, hasa kama unaishi pwani kwenye unyevu. Ukiona imepita vipimo vyote, ipeleke kwa wathibitishaji wa noti kabla hujamtajia mtu bei.