Kitabu cha Kumsomea Mtoto Aliyefiwa

Mtoto akifiwa, sisi watu wazima hukimbilia hadithi za kupoza: babu kageuka nyota, mama kasafiri mbali. Mimi nakushauri hizo uziweke kando. Mtoto aliye chini ya miaka mitano mara nyingi hudhani kufa ni jambo la muda tu. Ukimwambia mama kasafiri, atakaa akimsubiri. Tafuta hadithi ambayo anayekufa anakufa kweli, na waliobaki wanaendelea kuishi.

Mpwa wangu alipofiwa na baba yake nilimsomea Charlotte's Web, kitabu cha E. B. White cha mwaka 1952, nikigeuza kwa Kiswahili huku nasoma. Buibui Charlotte anakufa, tena akiwa peke yake, na rafiki yake Wilbur, yule nguruwe, hana la kufanya ila kuyabeba mayai yake hadi nyumbani. Nilijiandaa kwa kilio. Wapi! Mtoto alisikiliza kimya, akazifunua mwenyewe kurasa za nyuma, akaweka kidole kwenye picha ya Wilbur na kuuliza: "Sasa huyu nani atamwangalia?" Nikamjibu la nguruwe, kisha nikamtajia mmoja mmoja: atakayempeleka shule, atakayempikia, atakayekuwa naye usiku. Akaniambia niendelee kusoma.

Kwa wenye miaka kumi hivi, Bridge to Terabithia ndicho ninachokipendekeza zaidi. Katherine Paterson alikitoa mwaka 1977, baada ya rafiki wa mwanawe kuuawa na radi. Jess, mvulana wa hadithi hiyo, anapoambiwa kuwa rafiki yake Leslie amekufa anakataa katakata, anapandwa na hasira, anazitupa majini rangi alizopewa na Leslie. Zaidi ya yote anajilaumu kwamba siku ile alikwenda matembezini bila kumwalika. Sura hizo zisome polepole. Watoto wengi waliofiwa wana siri ya namna hiyo: nilimnunia, nilimjibu vibaya, ndiyo maana akafa. Ukimuuliza mtoto kama anajilaumu, atasema hapana. Muulize kama Jess ana kosa, uone atakavyofunguka.

Kisome kitabu peke yako kwanza, maana machozi yako nayo yapo. Yakikutoka mbele yake si neno. Mtoto anahitaji kuona kwamba kulia kunaruhusiwa. Ila usimgeuzie hadithi kuwa somo la darasani, "umejifunza nini hapa?" Hilo huwafunga mdomo. Akitaka ukurasa uleule kila siku, msomee. Akikifunga katikati na kukimbilia mpira, mwache aende, kwani huzuni ya watoto huja na kuondoka ndani ya saa moja.

Na kama wiki zinapita mtoto hali chakula vizuri, halali, hachezi, au anasema anataka kumfuata marehemu, hapo kitabu hakitoshi. Mpeleke kwa mshauri nasaha au daktari, na hilo la kumfuata marehemu usilisubirishe hata siku moja.